Sheria ya Siku Mbili na Mkono wa Mama Tshibola

Wadogo zangu wa labo, mmeniomba niandike kurasa chache kabla sijasahau kila kitu. Kusahau bado, magoti ndiyo yaliyotangulia kustaafu. Nitaandika kwa Kiswahili bora, kile ambacho masista walitufundisha kwa rula, lakini watu nitakaowataja nitawaacha waseme chao, cha hapa Lubumbashi. Papa Ngoy angesema Kiswahili bora, hata mke wake asingemtambua.

Siku ya kwanza niliingia labo nimevaa viatu vya kisigino. Papa Ngoy, mkuu wa chumba cha vijidudu, aliviangalia viatu kabla ya kuniangalia usoni. Alikuwa mtu mfupi, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mifukoni, na mkono mmoja wa miwani yake ulishikiliwa na sparadra, ile plasta ya hospitali.

"Weye njo Odile?"

"Ndiyo, papa."

"Bon. Hapa hatuko kwa harusi. Kamata brosi."

Basi wiki tatu za kwanza za kazi yangu, na diploma yangu imefungwa vizuri ndani ya bahasha, niliosha bwate. Ninyi mnazijua za plastiki, mnatumia na kutupa. Zetu zilikuwa visahani vya kioo vyenye vifuniko. Unamimina ndani chakula cha vijidudu, kinaganda, unapaka juu yake usaha wa mgonjwa, kisha unaweka ndani ya etuve, kabati lenye joto kama la mwili wa mtu, na kungoja uone nini kitaota. Tulikuwa nazo chache mno, na hospitali nzima ilitoa usaha kila siku, Jumapili pia. Kioo kimoja kikivunjika, Papa Ngoy alikusanya vipande mwenyewe, kimya, na wewe uliyevunja ulitamani akupige tu yaishe.

Ndiyo maana alikuwa na sheria yake. Alitufundisha kabla ya kutufundisha hata kuwasha hadubini: "Bwate haione siku ya tatu." Siku mbili ndani ya etuve. Kikiota kitu, soma. Kisipoota, andika "hakuna kilichoota", chemsha, osha, rudisha kazini. Wala haikuwa sheria ya kijinga. Vijidudu vingi vya majipu ni kama wageni wa harusi, vinafika mapema na kula bila kuitwa. Siku moja inatosha kuviona, ya pili ni heshima tu.

Mambo mengine aliyonifundisha sitayamaliza hapa. Kusikiliza mvumo wa etuve ili ujue kama itakufa wiki hii au ijayo. Kuweka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, siyo hewani, maana hewa ni mwongo. Kutomwamini daktari aliyeandika "haraka sana" kwenye kila karatasi. Lakini niliyoishika kuliko yote ilikuwa ile sheria, na nilikuwa na kiburi nayo. Wenzangu waliacha bwate zao mpaka saa sita mchana ya siku ya tatu. Zangu saa mbili asubuhi zilikuwa zinachemka. Papa Ngoy alipostaafu aliniachia funguo, kipimajoto na sheria, na mimi nikawa ndiye wa kuangalia viatu vya watu.

Mama Tshibola alikuja miaka mingi baada ya hapo. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa hapa hapa, na alikuwa anauza samaki wabichi wa ziwani, kutoka Kilwa yetu ya Katanga, katika soko la Ruashi. Samaki walifika ndani ya barafu kama lori lilikubali, na kama lori halikukubali, walifika na harufu, naye aliwarudisha na matusi. Alikuwa na lupusi. Kwa mtu wa lupusi, askari wa mwili, badala ya kulinda mpaka, wanageuka kumpiga mwenye nyumba. Hapa kwetu sidhani inahitaji maelezo zaidi. Alipewa prednisone, kidonge kinachowalaza hao askari. Shida ni moja: askari wakilala, wezi nao wanapata habari.

Daktari wake alikuwa Dokta Ilunga, kijana mpole wa magonjwa ya ngozi, aliyekuwa anaandika "haraka sana" mara moja moja tu, kwa hiyo nilimheshimu. Alimleta kwangu Mama Tshibola mwenyewe, kidole cha kati cha mkono wa kushoto kimeota kivimbe chekundu, kigumu, chenye usaha kidogo.

"Ilianza namna gani, mama?" nikamwuliza huku nikichukua usaha.

"Ilianza tu. Lupusi haipigake hodi." Akaniangalia vizuri. "Weye unakulaka samaki gani?"

Nikamwambia tomsoni, yule wa kwenye friji, anayetoka baharini mbali.

"Tomsoni? Ile samaki iko na pasiporo kuliko weye. Kuya Ruashi, nitakupa samaki yenye inajua Katanga."

Nilicheka mpaka nikaharibu lebo. Angalieni vizuri hapo, wadogo zangu. Mgonjwa ananiambia kazi ya mikono yake, mkono wenyewe nimeushika, na mimi nacheka.

Bwate ya kwanza ilikaa siku mbili. Hakikuota kitu. Niliandika, nikaitupa. Dokta Ilunga alisoma "hakuna kilichoota" akafikiri kama ambavyo daktari yeyote angefikiri: kama si kijidudu, basi ni lupusi yenyewe imepanda. Akaongeza prednisone. Askari wakalala usingizi mzito zaidi.

Baada ya mwezi mmoja Mama Tshibola alirudi na kidole kimevimba mara mbili, na vivimbe vingine vitatu vimepangana kuelekea kifundo cha mkono, kimoja nyuma ya kingine. Hakuniuliza nakula samaki gani. Nilichukua usaha tena. Ilikuwa Ijumaa, Jumapili ilikuwa zamu ya mwenzangu anayechelewa, nikaacha maagizo makali: Jumapili asubuhi bwate zote zisomwe na zitoke. Zikatoka. Hakuna kilichoota.

Basi kidole kilikatwa. Daktari wa upasuaji alisema mshipa wa ndani ulikuwa umeoza, hakukuwa na la kuokoa. Mama Tshibola aliamka na vidole tisa, akatuambia atajifunza kuhesabu upya. Tulidhani yameisha. Wiki tano baadaye vivimbe vilikuwa vimepita kifundo na kupanda karibu na kiwiko, na pale wodini lilianza kusemwa neno la kukata mkono, juu kidogo ya kiwiko.

Nilimkuta ameketi kitandani, mkono juu ya mto. Aliniita Ya, neno letu la kumheshimu aliyekutangulia.

"Ya Odile, niambie weye, sababu hawa ba dokta banasema polepole sana. Banakata?"

"Bado hawajaamua, mama."

"Niko na batoto sita kwa masomo. Samaki haitoboke matumbo na mukono moya. Nilishajaribu jana na kisu ya chakula, kwa ndizi. Ndizi ilinishinda."

Alisema hivyo akitabasamu, na mimi nikatoka nje kwenda kulia karibu na tangi la maji. Nilikuwa mtu mzima wa nywele nyeupe.

Dokta Ilunga aliomba jaribio la tatu, kipande cha ngozi safari hii, siyo usaha tu. Na siku hiyo hiyo umeme ulikatika. Siyo ule wa kukatika na kurudi wakati unatafuta mshumaa. Kabini ya mtaa, yenye transfoma, ilikuwa imeungua. Siku mbili, tatu, wiki. Jenereta ilikuwa kwa chumba cha upasuaji, na kwa feni ya mkurugenzi, ambayo nayo ilikuwa mgonjwa mahututi. Etuve yangu ikapoa. Nilipaka kile kipande cha ngozi juu ya bwate mbili, nikazizungushia sparadra kwa sababu ya sisimizi, nikaziweka juu ya rafu karibu na dirisha, nimezifunika kitambaa. Ilikuwa Oktoba, na ninyi mnajua Oktoba yetu: hata rafu ina homa kidogo.

Asubuhi ya siku ya tatu mkono wangu ulikwenda wenyewe kuzitoa. Nilikwisha kuzishika. Halafu nikakumbuka neno la sheria jinsi lilivyo: siku mbili *ndani ya etuve*. Hizi hazikuwahi kuingia. Kisheria, siku yao ya kwanza ilikuwa haijaanza. Nikazirudisha chini ya kitambaa. Msinisifu. Haikuwa akili, ulikuwa utii.

Siku ya kumi na moja, nikitafuta kalamu, nilifunua kitambaa. Juu ya bwate zote mbili kulikuwa na punje ndogo nyeupe, laini, kama chembe za bukari, ugali wetu, zilizoruka kutoka kwenye mwiko. Moja niliirudisha chini ya kitambaa, nyingine niliisahau dirishani. Kesho yake ile ya dirishani ilikuwa na rangi ya manjano, manjano kabisa ya kiini cha yai. Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Nikafunua ya pili: nyeupe. Nikaiweka kwenye mwanga, nikangoja, nayo ikaanza kugeuka manjano. Niliketi. Nilikuwa nimesoma vijidudu maisha yangu yote na sikuwahi kuona kimoja kikiota jua kama muzungu.

Nikakipaka rangi ile tunayotumia kwa makohozi ya kifua kikuu, nikatazama kwa hadubini. Vijiti vyekundu. Nilikimbia mpaka kwa Dokta Ilunga. Kwa viatu bapa, Papa Ngoy angefurahi.

Dokta alitazama, akafungua kitabu chake kinene, akaniuliza jambo moja tu. "Ya Odile, iliota kwa joto gani?"

"Joto ya dirisha, dokta."

Akafunga kitabu, akacheka peke yake, cheko la mtu aliyejikwaa mbele za watu. Ni ndugu wa kijidudu cha kifua kikuu, lakini huyu anaishi majini na juu ya samaki. Samaki hana joto kama letu. Kijidudu hiki ukikiweka kwenye joto la ndani ya mwili kinanuna, hakioti, au kinaota kwa shida mno. Kidoleni na mkononi, kwenye ngozi iliyopoa, kinajisikia nyumbani. Kwa mtu mwenye afya kinaleta kivimbe na kuishia hapo. Kwa mtu ambaye askari wake wamelazwa, kinapanda mkono mpaka juu.

Tukaenda wodini wote wawili. Dokta Ilunga akamwuliza kama samaki wanamchoma.

"Miba ya tilapia? Inanichomaka kila siku. Juu ya nini? Mulikuwa hamujue nauza samaki?"

Tulijua. Nusu ya hospitali ilikuwa wateja wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweka samaki na kidole kwenye sentensi moja.

Mkono haukukatwa. Prednisone ilipunguzwa polepole, na akapewa dawa mbili kati ya zile za kifua kikuu, kwa miezi. Wiki ya kwanza alikuja labo ameshika chupa ya mkojo wa rangi ya machungwa, akaiweka mbele yangu mezani.

"Ya Odile, niko nakojoa limonade. Njo munaita kuponyesha?"

Ilikuwa kuponya, dawa mojawapo hutia mkojo rangi. Vivimbe vilishuka kimoja kimoja, kama vilivyopanda. Akarudi sokoni na glavu za kuoshea vyombo, za rangi ya waridi, akigombana na wateja waliodhani anaona kinyaa na samaki wake mwenyewe. Na mimi nikapongezwa mbele ya madaktari wote. Walisema "uvumilivu wa labo". Nilisema asante.

Jioni ya siku hiyo ndipo nilipofanya hesabu. Kama kijidudu kilikuwa kwenye bwate ya tatu, kilikuwa pia kwenye ya pili na ya kwanza. Nilikuwa nimekitupa mara mbili, asubuhi na mapema, kwa bidii; joto la etuve lilikichelewesha, lakini mimi sikukipa hata siku ya tatu. Kidole cha Mama Tshibola kilikuwa ndani ya pubeli yangu, pipa la taka la labo.

Nilikwenda kwa Papa Ngoy. Alikuwa amezeeka sana, ameketi uani anamenya karanga. Nilimweleza yote, na nakiri, nilimweleza kama mtu anayetafuta wa kugawana naye. Sheria ilikuwa yake.

"Ile sheria," akasema, "niliitia juu ya bwate. Tulikosa bwate. Haikukuwa juu ya bantu." Akamenya karanga mbili, tatu. "Sasa munatumika na bwate ya plastiki, si vile?"

"Ndiyo, papa. Tangu miaka mingi. Ziko za kutosha."

"Alors, ile sheria ulikuwa unamuchungia nani?"

Akanipa karanga, nikala, sikuonja kitu. Wadogo zangu, hili ndilo nililotaka kuwaambia tangu ukurasa wa kwanza nikawa nazungukazunguka. Tulibadilisha bwate, sheria tukaiacha palepale, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu aliyepaswa kuuliza alikuwa ameshika funguo.

Tangu hapo mnajua tunavyofanya. Mgonjwa wa lupusi, wa viungo, wa ngozi inayojila yenyewe, kila anayemeza prednisone: bwate mbili, moja etuve, moja rafuni penye ubaridi, na hazitoki mpaka wiki zipite. Na tunauliza: mikono yako inashika nini, miguu yako inakanyaga wapi. Ndivyo tulivyompata yule mwalimu wa mimea wa chuo kikuu pale Kasapa, mwenye ugonjwa wa viungo, aliyekuwa na majipu mguuni yasiyosikia dawa yoyote. Siku ya tano bwate yake ilitoa harufu ya udongo ukinyeshewa mvua ya kwanza. Nilijua kabla ya kutazama: ni kijidudu cha ardhini, na bwana alikuwa analima pekupeku, anasema miti inapenda hivyo. Kunusa bwate ni kosa, msinuse. Mimi nilinusa, nikaandika kwenye ripoti kwamba nimetazama.

Lakini Mama Tshibola sikumwambia. Mwanzoni nilisema apone kwanza. Alipopona nikasema asije akaacha dawa kwa hasira. Dawa zilipoisha, alikuwa ameshaniita dada yake, na sababu zikawa zimekwisha, nikabaki na uoga peke yake, ambao hauhitaji sababu.

Siku mliponifanyia karamu ya kustaafu, mlikuwapo, mlimwona. Alikuja na beseni la samaki, amevaa kitambaa cha sikukuu, akaomba neno kabla hata ya mkurugenzi. Akanyanyua mkono wake wa kushoto juu, watu wote wauone. "Ule mama pale," akasema, "njo alilinda huu mukono. Ba dokta balikuwa na kisu. Yeye alikuwa na bwate." Mlipiga makofi mpaka mbwa wa jirani wakaamka. Mlidhani nilishindwa kula kwa sababu ya furaha.

Wiki iliyofuata nilikwenda Ruashi. Nilimkuta nyuma ya meza yake, anatoboa tilapia matumbo, glavu za waridi mikononi, kidole kimoja cha glavu kimekunjwa ndani na kushonwa. Alinipa kigoda. Nilimwambia asiache kazi yake, nikamwambia yote: bwate ya kwanza, bwate ya pili, Jumapili asubuhi, pubeli. Nikamwambia sheria ilikuwa haina kazi tena na mimi niliishika kwa sababu ilinipendezesha. Nikamwambia nilinyamaza kwa sababu niliogopa asinipende.

Kisu chake kilisimama. Mteja alikuja, akaulizia bei, akaangalia nyuso zetu, akaenda meza nyingine.

"Ile kidudu," akasema, "ilikuwa inaomba siku ngapi?"

"Kumi, mama. Kumi na moja."

Alivua glavu ya kushoto, polepole, akaweka mkono juu ya meza kati ya samaki, akautazama kama mtu anayehesabu bidhaa iliyofika pungufu.

"Miye nilikaa na ile kidole myaka makumi tano na moya," akasema. "Weye ulishindwa kuikalia siku kumi."

Nikamwambia ndiyo.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana, ana matusi mazuri. Alivaa tena glavu, akachukua samaki mwingine, akampasua kuanzia chini kwenda juu, vizuri, kwa mikono yote miwili, na bila kuniangalia akasema, "Ile maneno, uandikie bale batoto ya labo. Vile nilisema. Usipunguze."

Nimeandika.